Mbuta mkubwa hapandi kayaki: vifaa vyangu vya jua kali

Swali lenye naulizwa sana na wasee wameanza kuvua na kayaki huku Kisumu ni hili: samaki wa kilo ishirini, kilo thelathini, unamwinua aje mpaka aingie ndani? Jibu langu huwaudhi wengi. Haumwinui. Mbuta, huyu sangara wetu wa Ziwa Victoria, akiwa wa saizi hiyo hana kazi yoyote juu ya kayaki ukiwa bado katikati ya maji, na karibu kila kitu nimetengenezewa na fundi ama nimejitengenezea mwenyewe ni cha kufanya huyo samaki abaki majini mpaka mimi nifike ufuoni.

Sababu si ngumu. Samaki akiwa ndani ya maji ni kama hana uzito, ako na kibofu cha hewa tumboni chenye kinamshikilia asizame wala asielee, kwa hivyo mbuta wa kilo thelathini akiwa amechoka unaweza kumsogeza na vidole viwili. Saa ile unamtoa nje ndio kilo zote zinakuja, na zinakuja upande mmoja, na wewe mwenyewe tayari umeinama upande huohuo, kichwa nje, mabega nje, mikono yote miwili kwa samaki. Kayaki yangu upana wake ni kama sentimita 75. Sasa piga hesabu. Kichwa chako kikivuka ukingo wa kayaki na kuna mzigo mkononi, mwili wote unafuata, na hakuna nguvu ya mikono itakuokoa hapo, ju hauna kitu cha kushikilia isipokuwa huyo samaki.

Kayaki yenyewe ni ile ya plastiki ya kukalia juu, si ile ya kuingiza miguu ndani. Nilinunua sekondihandi kwa mtu alikuwa anahama. Kama uko na ile ya kuingiza miguu, hii soma tu kujifurahisha, kwa sababu ikipinduka inajaa maji na si rahisi kuyatoa ukiwa peke yako huko nje. Hii yangu iko na matundu ya kutolea maji, ikipinduka unaigeuza, unapanda, unaendelea na maisha.

Mbuta wakubwa siwatafuti hapa karibu na mji. Dunga na Hippo Point ni kuzuri kwa ngege, yaani tilapia, na kwa kupiga picha jua likizama, lakini maji ya hapo ni ya kina kifupi, gugumaji likisukumwa na upepo linafunga kila mahali, na viboko wenyewe wako, si jina tu. Mimi naenda upande wa Mbita. Kayaki inafungwa juu ya Probox mpaka Luanda Kotieno, hapo tunaingia feri, na hakuna siku nimevuka bila mtu kuniuliza kama hiyo ni bafu ya watoto. Kule karibu na Rusinga, na kuelekea Mfangano, maji yanaenda chini haraka na kuna mawe chini, na mbuta mkubwa anapenda kukaa kando ya mawe akingojea chakula kipite.

Huyu samaki pia lazima umjue ndio ujue utamshika wapi. Mbuta, ama sangara kwa majirani wetu wa Mwanza, hakuwa kwa ziwa hili kitambo, aliletwa kuanzia miaka ya 1950 na akamaliza aina nyingi sana za fulu, wale samaki wadogo wa asili wa hapa, na aliwamaliza na huo mdomo. Anaufungua ghafla, maji yanavutwa ndani na chakula kinaingia pamoja na maji, kwa hivyo hahitaji meno ya kukata. Ukipitisha kidole kwa taya lake utasikia vijino vidogo vidogo vinakwaruza tu kama msasa. Hii ni habari njema, ju inamaanisha taya la chini ndio mahali pa kumshikia, ni gumu, ni pana, na ukiwa na glavu halikukati. Habari mbaya iko nyuma kidogo: kifuniko cha matamvua kiko na miiba na kingo kali, na mapezi ya mgongoni yamesimama kama yale ya samaki mwenye hasira. Mtu akikwambia umshike mbuta kwa matamvua muulize aonyeshe vidole vyake. Mbuta anaweza kufika karibu mita 2 na kilo 200, mimi sijaona wa hivyo na kusema ukweli nikimwona sitamtupia ndoano.

Sasa vifaa. Cha kwanza na cha maana kuliko vyote ni jerikeni. Hii sikuibuni. Wavuvi wa hapa wanaotega ndoano nyingi kwa kamba moja ndefu wamefunga jerikeni za kuelea kwa hizo kamba miaka yote, na siku moja kule Mbita nikiwa natoa kayaki kwa gari mzee mmoja alikuwa anashona nyavu akanitazama tazama, akauliza, "Kijana wangu, na ukishika mkubwa?" Nikamwambia, "Mzee, nitamvuta tu polepole mpaka achoke nimuingize." Akacheka akashika jerikeni moja ilikuwa hapo mchangani, akasema, "Mfunge hii. Mbuta hawezi kuzamisha jerikeni. Wewe ndio utazama." Alafu akarudi kwa nyavu zake.

Nimejaribu saizi tofauti. Ya lita 20 ni kubwa sana kwa kayaki, inakosa mahali pa kukaa, na ukiitupa majini upepo unaibeba kama imeshikwa na haraka. Ya lita 5, ile ya njano ya mafuta ya kupikia, ndio nzuri. Ikiwa imefungwa vizuri inasukuma juu kama kilo tano hivi, na unaweza kudhani kilo tano ni kidogo, lakini kumbuka samaki hana uzito majini, hapigani na uzito wa jerikeni, anapigana na huo msukumo kila wakati akitaka kwenda chini, na anachoka. Kifuniko nimekata raba ya tyubu ya tairi kipande cha duara nikaweka ndani ndio maji yasiingie. Kamba ni manila ya milimita 8, urefu mita nne. Mita mbili ni fupi, samaki akizunguka chini ya kayaki jerikeni inakuja kugonga gonga pembeni na kamba inaanza kukutafuta miguu. Jerikeni inakaa nyuma ya kiti, imebanwa kidogo tu na blada, zile mipira ya tyubu watu wa boda hufungia mizigo, ukivuta inatoka. Haifungwi kwa kayaki. Nitarudia hii tena mbele ju ndio watu husahau.

Cha pili ni ndoano ya mkono, ile kubwa ya kumnasa samaki akishafika kando ya kayaki. Ile ya kawaida, chuma imeshikana na mti moja kwa moja, kwa kayaki mimi siiamini, ju samaki akijizungusha mti unakupiga kifuani ama unakunyang'anya balansi, na ukiuachilia umepoteza samaki na kifaa. Yangu inang'oka. Fundi wa kuchomelea pale Kibuye alinipindia chuma ya raundi milimita 8, si ile ya kujikunja kunja ya kujengea, hiyo haichongeki vizuri. Mdomo wa ndoano umeachana kama vidole vinne. Kwa shina la ndoano akachomelea pete ndogo, na kwa hiyo pete ndio kamba ya jerikeni inafungwa. Mti ni wa mopu, nimeukata ukabaki kama mita moja, na kwa ncha kuna kipande cha paipu ya chuma shina linaingia humo bila kukazwa, limeshikiliwa tu na raba mbili za tyubu nimezungusha. Ukishampiga samaki na yeye avute, raba zinaachilia, mti unabaki mkononi mwako mtupu, ndoano inaenda na samaki, kamba inaenda na ndoano, na jerikeni inaruka kutoka nyuma inafuata. Wewe umekaa. Mara ya kwanza ukiona hiyo kitu ikifanya kazi unacheka peke yako katikati ya ziwa.

Ncha ya ndoano inafunikwa na kipande cha hosi paipu saa zote mpaka dakika ya kuitumia. Hii si mapambo. Kwa kayaki ya kukalia juu mapaja yako yako wazi hapo mbele, na kwa ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, na kutoka katikati ya maji ya Rusinga mpaka hospitali si karibu.

Cha tatu ni kitanzi cha mkia, na hapa nina maoni yangu. Video zote za watu wa bahari wanaonyesha kitanzi cha mkia kama ndio dawa, na kwa samaki wao ni kweli, mkia wao umegawanyika na unakuwa mwembamba sana kabla ya kufika kwa pezi, kamba inakwama hapo. Mkia wa mbuta ni wa duara na shina lake ni nene, limejaa utelezi, kamba laini inachomoka. Kwa hivyo kwangu kitanzi ni cha pili, si cha kwanza. Naweka baada ya ndoano kuwa imeshika taya na samaki ametulia, na kamba yenyewe nimeipiga mafundo madogo madogo sehemu ile ya kitanzi ndio iume. Kinashikiliwa wazi na chuma ya umbo la Y kwa ncha ya mti mwingine, kwa raba nyembamba zile za kukata na makasi, unapitisha juu ya mkia, unavuta, raba zinakatika, kitanzi kinafunga. Ncha za hiyo Y zivalishe hosi paipu la sivyo utachora plastiki yote.

Wavu wa mkono ninao, mdogo, ni wa ngege na mbuta wa kilo mbili tatu. Mkubwa haingii na usijaribu.

Vitu vingine nitapita haraka. Jaketi ya kuelea huvaliwa, haikaliwi. Kisu kinakaa kifuani kwa jaketi mahali mkono wowote unafika, si kwa begi. Kasia na fimbo ya kuvulia zimefungwa kwa blada ndefu ndio zisiende zikianguka. Plaia ya kutoa ndoano pia. Miwani ya jua vaa hata kama kuna mawingu, nitaeleza kwa nini. Kama unatumia nanga, nanga yenyewe ni kopo la rangi limejazwa simiti na chuma ya kufungia, kamba yake iwe imefungwa kwa boya ndogo na kwa fundo lile la kuvuta mara moja, ju samaki mkubwa akishika kitu cha kwanza ni kuachana na nanga. Unaitupa yote na boya yake, utairudia. Kayaki imefungwa na samaki anavuta upande ni kayaki inaenda kupinduka.

Na ile kitu nilisema nitarudia: chochote kimeshika samaki hakifungwi kwa kayaki na hakifungwi kwa mwili wako. Kasia, sawa. Simu, sawa. Samaki, hapana.

Haya, sasa ameshika. Watu wanaogopa hii sehemu na ndio sehemu rahisi. Mbuta anavuta, kayaki inamfuata, na huo mwendo ndio unamchosha, yeye anavuta samaki wa plastiki wa kilo mia moja na kitu ukijumlisha na wewe. Kwa hivyo breki ya rili usiikaze sana. Kama laini yako inahimili kilo 15, mimi naweka breki ianze kuachilia kwa kama kilo nne ama tano, na nimeipima nyumbani na ile mizani ya kuning'iniza ya watu wa kuuza nyama, si kwa kukisia. Kazi yako ni moja, pua ya kayaki ielekee kwake. Samaki awe mbele ya magoti yako wakati wote. Akianza kuzunguka kwenda nyuma geuza kayaki na kasia mkono mmoja, ama toa mguu majini upige teke, lakini usimwache avute kutoka kando. Miguu yangu huwa naitoa nje, mmoja kila upande, hapo kayaki inatulia kabisa. Kama anakupeleka kwa gugumaji ama kwa nyavu za watu, hapo ndio kaza na upige kasia kurudi nyuma, na ikishindikana kata. Laini ni pesa kidogo.

Kama alitoka chini sana atapanda akiwa amefura, hewa ya kibofu imepanuka, analala juu ya maji tumbo juu na unafikiri mambo yameisha. Hayajaisha. Mbuta akifika juu na aone kayaki ama apate hewa usoni anatingisha kichwa, mdomo wazi, matamvua wazi, mpaka unaona ndani nyekundu yote na unasikia ule mlio wa taya likipiga maji. Ni hapo ndoano za chambo zinachomoka na zinakuja moja kwa moja usoni mwako. Ndio maana ya miwani. Na ndio maana chambo zile za ndoano tatu tatu mimi natoa nyingine nabakisha moja.

Rafiki yangu mmoja, yeye ni wa kuamini mikono yake, alipata mbuta pengine wa kilo kumi na tano, si hata mkubwa vile, akaona ametulia, akamshika taya na mkono wa kulia akamvuta juu ya paja. Samaki akatingisha kichwa mara moja. Chambo ilikuwa na seti mbili za ndoano tatu tatu, seti moja ikiwa kwa mdomo wa samaki na seti nyingine ikaingia kwa kaptula yake, sasa wameshonwa pamoja, samaki akarudi majini na yeye akaenda naye, kayaki juu chini. Alikuwa amevaa jaketi na kisu kilikuwa kifuani, akakata kaptula. Samaki alienda na kipande cha nguo. Tunamcheka mpaka leo lakini kama hicho kisu kingekuwa kwa begi hatungecheka.

Kwa hivyo hiyo dakika ya mwisho, polepole. Mimi hufanya hivi. Nangoja alale ubavu mara mbili, tatu, si mara moja. Naachilia laini kidogo ibaki ndefu kama urefu wa fimbo, alafu fimbo naipeleka nyuma ya kichwa na mkono wa kushoto, hiyo inamleta samaki sambamba na kayaki, kichwa chake karibu na goti langu. Natoa kwa meno kile kifuniko cha hosi cha ndoano ya mkono. Kidevu changu kinabaki ndani ya kayaki, kitovu kinabaki katikati, mkono tu ndio unatoka. Ndoano inaingia ndani ya mdomo na kushika ile ngozi nyuma ya mfupa wa taya la chini, kutoka ndani kuja nje, mvuto mfupi. Usipige tumboni, utaharibu nyama na hashikiki. Usipige ukiwa umemkosa kwa macho, yaani kama hauoni ncha inaenda wapi ngoja. Ukishashika achilia tu. Naweka fimbo chini na breki ya rili imelegea, natoa mikono yote miwili juu kama mtu ameshikwa na polisi, na naangalia jerikeni ikitembea.

Inaweza kwenda mbali. Iache. Inaenda chini nusu, inarudi, inazunguka, wewe kunywa maji, pumua, angalia hali ya hewa. Ikishatulia unaifuata, unaweka kitanzi cha mkia, na ukitaka kumaliza samaki maliza hapohapo na rungu fupi juu ya macho, akiwa bado majini.

Kumvuta mpaka ufuoni ni kichwa mbele, kwa kamba ya taya. Ukimvuta kwa mkia magamba na matamvua yanafunguka yanashika maji na utapiga kasia mpaka jioni ukiwa palepale. Kamba naipitisha nyuma ya kayaki na naishikilia kwa fundo la kuvuta mara moja, mkia wake wa fundo uko karibu na nyonga yangu, nikivuta kila kitu kinaachilia pamoja na jerikeni. Najua, nimesema samaki hafungwi kwa kayaki. Hapa amekufa na fundo ni la sekunde moja, na bado kisu kiko kifuani. Ukiona kiboko mbele yako, ama uko karibu na mdomo wa mto mahali mamba wamezoea, unaachilia, unaenda zako, jerikeni ya njano utaiona kesho.

Upepo ndio utaamua kama utafika. Huku kwetu asubuhi ziwa linatulia, mchana upepo unaanza kuja kutoka ziwani kwenda nchi kavu na unakaza, na jioni mara nyingi kuna mvua ya radi. Mimi saa tano nimeshageuza kurudi, niwe na samaki nisiwe naye. Samaki wa kilo thelathini nyuma yako anakupunguzia mwendo sana, kwa hivyo hesabu ya kurudi ifanye kabla ya kutupa chambo, si baada.

Wale wa kuachilia samaki, jerikeni na ndoano si zenu, tumia glavu na taya na umwache majini muda wote, mtoe chambo na plaia, basi. Kwa kasia yangu nimezungusha selotepu ya rangi kwa sentimita 50, chini ya hapo huyo bado ni mtoto, anarudi bila mjadala. Na wale wakubwa kabisa wengi ni wa kike, wenye mayai, kwa hivyo hata mimi mla samaki siku nyingine namuangalia tu namwacha. Lakini kama ametoka kina kirefu na amefura, kumwachilia ni kumpa ndege, huyo mle.

Kuna samaki wengine wawili hawajali hizi kanuni zote. Kamongo, yule samaki wa mapafu, ukimshika usimlete karibu na miguu hata akiwa mdogo, yeye anauma kweli kweli, hana vijino vya msasa, ako na mabamba ya kusaga na haachilii haraka. Anapumua hewa pia, kwa hivyo usidhani atakufa ukimweka juu ya kayaki nusu saa, yeye ndio ataamka wewe ukiwa umesahau. Kamongo mimi hukata laini. Mumi, yaani kambare, naye ni zile pembe za mapezi ya mbele, mshike nyuma yake na glavu.

Kitu chenye watu hawapendi kufanya ni mazoezi ya kupinduka. Nenda mahali maji yanafika kifuani, bila samaki, na mtu akiwa karibu, jipindue makusudi. Geuza kayaki, shika upande wa mbali, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute tumbo juu ya kayaki, alafu geuza makalio ukae. Rudia ukiwa na jaketi na begi na kila kitu chenye huwa unabeba, ndio ujue ni nini kinakukwamisha. Kwangu ilikuwa mfuko wa mbele wa jaketi umejaa vitu, sasa uko mtupu. Kichocho kiko kwa haya maji, kwa hivyo ukitoka jikaushe na uulize kliniki dawa.

Ukifika ufuoni kazi bado. Usiteremke ukiwa umefungwa na chochote, na usimvute samaki mkubwa kwa mawimbi ya ufuo ukiwa kati yake na kayaki, inaweza kukukandamiza. Shuka upande wa ziwani, sukuma kayaki kwanza, samaki avutwe mwisho, na hapo ndio utaona vijana watano wametokea kusaidia na akina mama wa kununua wako nyuma yao. Wa kwanza ataulizia bondo, kile kibofu cha hewa, ju kinauzwa nje kwa bei kali kuliko nyama yenyewe kwa kilo. Usiuze samaki mzima kwa bei ya nyama kama bondo liko ndani, hiyo nakwambia bure. Na pitia kwa watu wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, wapime na waandike, hata kama umekuja na kitu inafanana na bafu.

Raba za tyubu ndio zinaharibika haraka kuliko vitu vyote, jua linazikausha, zinapasuka pasuka pembeni, na raba imekauka inaweza kukosa kuachilia ama ikaachilia kabla ya wakati. Kabla sijafunga kayaki kwa gari nazivuta moja moja. Ikionyesha nyufa nakata ingine kwa tyubu ya zamani, watu wa panja hukupa bure ukisalimia vizuri, na ile imezeeka inaenda kufunga mizigo.